OB ya dijitali: kila siku jibu ni "hakuna mtandao"

Wadau, OB, kitabu cha matukio cha kituo cha polisi, siku hizi inaandikwa kwenye kompyuta, na ukienda kuripoti unaambiwa hakuna mtandao. Uzi huu si wa kuwatukana askari wa zamu. Yule wa kaunta hakununua kompyuta, hakuandika programu, na ikigoma hana hata nambari ya kumpigia fundi. Hasira zangu ni kwa waliokabidhiwa kazi ya kuwapa polisi teknolojia, wakaona kazi imekwisha siku masanduku yalipofunguliwa na picha zikapigwa.

Tuanze na hiyo "hakuna mtandao, njoo kesho". Mara nyingine mtandao upo. Kilichokufa ni kibetri cha CR2032 ndani ya kompyuta, kile cha duara kama sarafu. Kikiisha, kila stima ikipotea kompyuta inasahau tarehe na kuamka ikidhani ni miaka mingi nyuma. Brauza inapofungua mfumo inakagua cheti cha usalama cha seva kwa tarehe hiyo ya uongo, inaona muda wa cheti haujaanza, inakataa kuingia. Skrini inatoa onyo, na mlalamishi anarudishwa nyumbani. Tiba: tazama saa iliyo pembeni mwa skrini, sahihisha tarehe, fungua upya. Kisha badilisha kibetri, bisibisi moja na dakika tano. Bei yake haifiki sahani ya pilau.

La pili ni UPS, kile kisanduku cha betri kinachoshikilia kompyuta stima ikipotea. Kompyuta ya mezani na skrini yake kwenye UPS ndogo ya 650VA hupata kama dakika kumi, na hapo betri ni mpya. Betri zake, za madini ya risasi, hupimwa kwa joto la nyuzi 25; kila nyuzi 10 juu ya hapo maisha yake hupungua takriban nusu. Sasa isukume chini ya kaunta, Mombasa, mwezi wa Februari, matundu yameegemea ukuta. Halafu rauta imechomekwa moja kwa moja ukutani! Stima ikiondoka kompyuta inabaki hai, mawasiliano yanakufa. Kibetri kidogo cha volti 12 cha rauta pekee, na kompyuta ya kupakata badala ya ya mezani, vingemaliza sehemu kubwa ya aibu hii. Unyevu wa chumvi sitausema sana, ila ukichomoa waya wa mtandao ukakuta vipini vimeota ukijani, usitafute mchawi.

Lakini hayo ni ya vyuma. Linaloumiza watu ni nambari.

OB 14/3/5/2025 maana yake ni ripoti ya kumi na nne ya tarehe 3 Mei 2025. Kila siku hesabu huanza moja. Chukua mfano: stima imekatika saa mbili usiku mfumo ukiwa umefika 31. Zamu inahamia kitabu cha karatasi, inaandika 32, 33, 34. Stima inarudi saa nne, mfumo hauna habari ya kitabu, unampa anayefuata 32. Tayari watu wawili wana nambari moja, mmoja kaibiwa simu, mwingine kagongwa na tuktuk. Wa tuktuk akipeleka abstrakti, ile hati ya polisi ya kuthibitisha ripoti, kwa bima, wao wakihakikisha wanakuta simu. Nani ataitwa mwongo hapo?

Asubuhi mambo yanaharibika zaidi. Za kitabu zinapoingizwa, mfumo unaandika saa ya kuingiza badala ya saa ya kuripoti. Ripoti ya tarehe 3 usiku inageuka ya tarehe 4 asubuhi. Kwa kitambulisho kilichopotea haidhuru. Kwa kesi ya kupigwa, wakili wa upande wa pili atashika fomu ya P3, ile ya polisi inayojazwa na daktari kuhusu majeraha, na kuuliza mbona ulitibiwa tarehe 3 na kuripoti tarehe 4. Dawa yake haihitaji tenda: kitabu cha dharura kiwe na mfululizo wake, K1, K2, K3, na programu iwe na nafasi mbili za saa, ya kuripoti na ya kuingiza.

Na nywila! Moja, imebandikwa kwenye skrini, inatumiwa na zamu zote. Kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi ya Kenya kinadai cheti cha mtu mwenye dhamana na uendeshaji wa kompyuta iliyotoa rekodi. Huyo atasaini nini, ikiwa kumbukumbu zinaonyesha askari mmoja ameandika saa ishirini na nne bila kulala?

Najua atatokea mtu aseme dawa ni taasisi maalumu kama Uingereza. Walikuwa nayo, PITO, shirika la teknolojia ya habari la polisi, iliyopewa nguvu na sheria ya polisi ya 1997. Mwaka 2007 ikamezwa na NPIA, wakala wa taifa wa kuboresha polisi, na huyo wakala naye akafungwa baadaye. Taasisi peke yake haitoshi. Uchunguzi rasmi wa Bichard wa 2004, baada ya mauaji ya wasichana wawili katika mji wa Soham hukohuko Uingereza, ulionyesha taarifa za mshukiwa zilikuwa kwa polisi wa eneo moja na hazikuwafikia wa eneo jingine. Hifadhidata ya pamoja ikaja 2011. Na Januari 2021 ikajulikana kosa la programu limefuta rekodi za makosa zaidi ya laki mbili kwenye kompyuta yao ya taifa. Tofauti ni kwamba waziri alibanwa Bungeni aeleze nini kimefutika na kitarudishwaje. Kwetu rekodi ikipotea, anayeulizwa ni yule afande wa kaunta.

Kwa hiyo kabla hujaondoka kaunta, uliza nambari yako imetoka kitabuni au kwenye mfumo, na uandike saa kamili uliyoripoti. Kama ni ya kitabu, rudi kesho yake uhakikishe imeingizwa kwa tarehe gani, kabla hujaipeleka kwa bima. Wenye mbinu nyingine wazimwage hapa chini.