Baba Mjaluo, mama Mkikuyu: binti wa kwanza aitwe nani?

mama_kijacho

Hamjambo wote. Mume wangu ni Mjaluo wa Siaya, mimi ni Mkikuyu wa Nyeri. Mtoto wa kwanza anatarajiwa mwezi ujao, na skani inasema ni msichana. Majina yaliyo mezani ni haya:

Kwetu wanasema msichana wa kwanza ni wa mama yake mume, kwa hiyo aitwe Akinyi. Mama mkwe mwenyewe hataki, anasema yeye bado yuko hai. Shangazi yake mume anataka Aoko, jina la nyanya yao aliyefariki. Mimi natamani Wangari, jina la mama yangu. Mume anasema tutulie, tungoje saa atakayozaliwa.

Je, kuna mpangilio ambao hautaacha upande mmoja umenuna? Na jina la mwisho liwe lipi, maana mume kitambulisho chake kina Otieno Ochieng'? Jina la ubatizo, Elizabeth, nalo tuliweke wapi?

---

NyarAlego

Nianze na mama mkwe, huyo ndiye kawachanganya. Kwa desturi ya Wajaluo jina la kurithi, lile la *juogi*, ni la mtu aliyekwisha kufa. Marehemu ndiye anayekuja kwa mtoto: mtu nyumbani anamwota, au mtoto analia usiku kucha na kukataa titi, wazee wanataja majina ya waliotangulia moja baada ya jingine mpaka anyamaze. Kumrithisha mtoto jina la nyanya aliye hai kunasikika kwa wazee wengi kama kumharakisha. Wapo wanaompa mtoto jina la mtu hai anayeheshimika, lakini mwenyewe akishasema hapana, yameisha. Hajamkataa mtoto, wala hajakukataa wewe.

Ila Akinyi ana mlango mwingine. Majina yetu mengi ni ya wakati wa kuzaliwa, na la msichana huanza na A, la mvulana na O. Amondi ni alfajiri, Akinyi asubuhi, Anyango jua likianza kupanda, Achieng' jua la utosini, Adhiambo kuanzia alasiri hadi jioni, Atieno usiku, Awuor usiku wa manane. Mtoto akitoka saa moja asubuhi ni Akinyi kwa haki yake mwenyewe, na mama mkwe hana kinyongo kwa sababu hakurithishwa mtu. Mipaka ya saa haijachorwa kwa rula. Nyumba moja itasema saa tatu tayari ni Anyango, nyingine bado ni Akinyi. Muulizeni yeye; kauli ni yake, na ni namna ya kumshirikisha bila kutumia jina lake. Ukipangiwa upasuaji saa nne, ni Anyango tu. Saa ya daktari ni saa kama nyingine.

Kisha kuna majina ya hali: Akoth kama mvua inanyesha, Auma kama alitoka kifudifudi, Awino kama kitovu kilimzunguka, Aoko kama alizaliwa nje ya nyumba. Jina la hali likirithiwa halidai hali ile irudi. Binti yenu anaweza kuzaliwa wodini na akawa Aoko kwa sababu ya nyanya yao.

Msichoruhusiwa ni kuchagua kwa utamu wa sauti. Apiyo ni pacha wa kwanza, Adongo pacha wa pili, Akello ni anayefuata mapacha. Mtoto asiyerithi jina hilo kwa mtu, na asiye pacha, ataulizwa maisha yake yote "mwenzako yuko wapi?"

---

wa_Tetu

Upande wetu watu hunukuu kanuni nusu. Kanuni nzima ni hivi: mvulana wa kwanza ni baba yake mume, wa pili baba yake mke. Msichana wa kwanza ni mama yake mume, wa pili mama yake mke. Baada ya hapo wanafuata ndugu wa baba na wa mama kwa kupokezana, kuanzia mkubwa.

Sasa piga hesabu. Mkijaliwa msichana na mvulana, mkafunga ukurasa, watoto wote wawili wamekwenda kwa wakwe zako. Baba yako na mama yako hawajaitwa. Zamani haikuuma kwa sababu nyumba ilikuwa na watoto sita, wanane, na zamu ilifika tu. Leo haifiki. Wanaokwambia "ndiyo desturi" waulize unapanga kuzaa wangapi, halafu muongee tena.

Jambo la pili. Sisi jina halichaguliwi kwa maana yake, linachaguliwa kwa mtu wake. Mtoto ndiye mtu yule, ndiyo maana utasikia mama akimwita kitoto cha kiume "baba" kwa sababu kimepewa jina la baba yake. Mwenye jina kuwa hai si kizuizi kwetu, ni furaha. Hapo ndipo mila zenu mbili zinagongana hasa. Wangari na Aoko hawana ugomvi.

Maoni yangu: mama mkwe alipewa zamu na akaiachia kwa mdomo wake. Zamu ibaki upande wa baba, achukue Aoko. Kwenu watahesabu kuwa upande wa mume umeheshimiwa, na Wajaluo watahesabu kuwa marehemu amepata mtoto. Wangari akae wa pili.

Lakini kabla hujaandika Wangari, zungumza na mama yako. Akitumika leo kama jina la kati, msichana wa pili akija utamwitaje? Wapo watakaokuambia mtu hazaliwi mara mbili katika nyumba moja, na mama yako anaweza kupenda kusubiri awe jina kamili la wa pili kuliko kuwa la katikati la wa kwanza. Wapo wasiojali. Ni yeye wa kuamua.

Na la pembeni ambalo watu huona aibu kulitaja: kama *ruracio* (mahari) haijaanza, kuna wazee watakaosema watoto bado ni wa kwenu na majina yaanzie kwa mama yako. Mjue mapema mnasimama wapi.

---

karatasi_kwanza

Niongeze upande wa ofisi za hapa Kenya, maana mila hurekebishika kwa mazungumzo lakini cheti hukaa.

Kuzaliwa kunatakiwa kusajiliwa ndani ya miezi 6. Hospitali hujaza taarifa ya kuzaliwa kabla hujaruhusiwa kwenda nyumbani. Aliyezalia nyumbani huanzia kwa naibu wa chifu. Makosa mengi hutokea kwenye karatasi hiyo: mama amechoka, baba hayupo, mtu anaulizwa jina anataja lolote. Kijaluo cha zamani mtoto msichana hutolewa nje siku ya tatu na mvulana siku ya nne, kwa hiyo jina linaweza kuwa halijatulia wakati karani anataka kalamu iende. Andikeni majina yote kwa herufi kubwa kwenye karatasi, kwa mpangilio mnaotaka, iwe ndani ya mkoba wa hospitali. Au mwambieni muuguzi jina bado. Sheria inakubali kuzaliwa kusajiliwe kabla ya jina, na kifungu cha 14 cha Sheria ya Usajili wa Vizazi na Vifo kinampa mzazi miaka 2 tangu usajili kuingiza jina au kulibadilisha, kwa ada na ushahidi. Mkizidisha hapo mnaingia kwenye hati ya kubadili jina kwa wakili na kutangazwa katika Gazeti rasmi la serikali. Si mwisho wa dunia, ila ni pesa na muda.

Jina la mwisho: mume ana mawili na yote mawili yanafaa. Mkichukua Otieno mtoto anabeba jina la baba yake, mkichukua Ochieng' anabeba la babu. Baya ni kuchanganya. Mtoto wa kwanza Otieno, wa pili Ochieng', halafu siku ya maombi ya viza mnaeleza mbele ya dirisha kwamba hawa ni ndugu wa baba mmoja na mama mmoja. Amueni leo kwa ajili ya wote.

Ile alama ya juu kwenye Ochieng' nayo. Mifumo mingine inaikataa, mingine inaifuta, mingine inaacha nafasi na jina linakuwa "Ochieng" au "Ochieng ". Kwenye mistari ya chini ya pasipoti inayosomwa na mashine haiandikwi kabisa, hilo ni la kimataifa. Kosa ni cheti kuwa nayo, shule kutokuwa nayo, na cheti cha mtihani kuja na namna ya tatu. Kwa hali yenu Otieno anawaepusha na shida hii yote, ningemchukua yeye. Vivyo hivyo ũ na ĩ za Kikuyu: karibu kila ofisi huandika u na i, msipigane. Ila c na ch amueni mara moja, Wangeci si Wangechi machoni pa kompyuta. Wangari hana tatizo hilo.

Idadi: majina manne ni mwisho mzuri. Ule mstari wa pasipoti una nafasi 39 za majina yote pamoja na vitenganishi. OTIENO, AOKO, WANGARI na ELIZABETH wanaingia bila shida. Ukiongeza la tano refu linaweza kukatwa, na tiketi ya ndege isilingane na majina kamili yaliyo juu kwenye ukurasa.

Ubatizo: kama ni Katoliki, kanuni ya 855 ya sheria za Kanisa inadai tu jina lisiwe geni kwa moyo wa Kikristo. Aoko anabatizika kama Aoko. Mkitaka la mtakatifu, linaweza kukaa kwenye cheti cha parokia bila kuingia cha serikali, ila basi msilitumie shuleni.

---

Cherop_K

Mbona msitafute jina moja lenye maana moja pande zote? Akoth ni mvua kwa Wajaluo, Nyambura ana mvua ndani yake kwa Wakikuyu. Hata kwetu Wakalenjin yupo Cherop. Mnampa Nyambura Akoth na wote wanacheka.

---

wa_Tetu

Linapendeza kwenye kadi, Cherop_K, ila litaanguka pande zote mbili. Kwetu watauliza "Nyambura yupi?" na kama hakuna shangazi wala nyanya wa jina hilo, umemwita mtoto baada ya mtu wa nje na walioachwa watahesabu. Kwa Wajaluo watauliza kama mvua ilinyesha.

---

NyarAlego

Kweli. Na mvua ikinyesha siku hiyo, Akoth atakuja mwenyewe bila kutafutwa.

Jambo moja nisilokubaliana na wa_Tetu ni nafasi. Jina la kwanza ndilo mwalimu huita, ndilo huandikwa kwenye daftari, na la kati huwa herufi moja yenye nukta. Mtoto anayeitwa Aoko W. Otieno ana majina mawili ya Kijaluo na Wangari aliyekuwa nukta. Jina la mwisho tayari ni la baba, kwa hiyo ningemweka Wangari mbele: Wangari Aoko Otieno. Juogi haina haja ya kuwa ya kwanza kwenye cheti. Inahitaji kutamkwa nyumbani, na shangazi mtu ndiye atakayemwita Aoko, mwachieni kazi hiyo.

Pia yajaribuni kwa midomo ya wazee kabla ya kuandika. Kikuyu hakina l, Akello akifika Nyeri huwa Akero. Dholuo hakina sh, Wacera (c ya Kikuyu husomwa sh) akifika Siaya huwa Wasera. Wangari na Aoko wanapita salama pande zote mbili, na hilo si jambo dogo.

---

wa_Tetu

Kuhusu cheti nimekubali. Kuhusu wazee wa Nyeri, mwambie mama_kijacho ajiandae: wakiona Wangari mbele watafikiri mama mkwe amerukwa. Aeleze kwamba aliulizwa na akakataa, tena mume ndiye aseme, si yeye.

---

mama_kijacho

Asanteni sana. Tumeongea jana. Mama yangu amesema hajali kurudiwa, na mume amekubali Wangari Aoko Otieno, Elizabeth abaki kanisani. Limebaki la saa. Mume bado anataka jina la wakati. Lazima liingie kwenye cheti?

---

NyarAlego

Si lazima. Watu wengi wana jina la wakati linaloishi nyumbani tu, na mama mkwe atalitumia kuliko yote matatu. Mkiliingiza, cheti kinafika majina manne, na hapo ndipo mwisho mzuri aliousema karatasi_kwanza.

Ila mhakikishe saa yenyewe imeandikwa mahali. Mwombe mkunga aijaze kwenye kijitabu cha kliniki, na baba aiandike kando kwa maneno. Hospitali huhesabu kwa saa za kizungu, nyumbani mnahesabu kwa Kiswahili. "Saa 7" ya hospitali bila asubuhi wala jioni inaweza kuwa Akinyi, inaweza kuwa Atieno, na mtu akiisoma kwa Kiswahili anapata Achieng'. Andikeni "saa moja na dakika kumi asubuhi", kwa urefu wote.