Naomba ushauri: nikeli pamoja na chuma katika kusafisha mafuta ya vifuu?

Ndugu wanachama, hapa Malindi vifuu vya nazi ni tele, nami huvipasha moto ndani ya pipa lisiloingiza hewa, kwa joto la karibu nyuzi 500, kisha nikaupoza moshi wake hadi nikapata mafuta meusi, makali kama siki, ambayo kwa wingi wa oksijeni iliyomo hayafai kabisa kwa injini ya mashua. Platinamu, ikitumiwa kama kichocheo (kitu kinachoharakisha badiliko la kikemia bila chenyewe kuisha), huweza kuiondoa oksijeni hiyo kwa msaada wa haidrojeni, lakini bei yake haishikiki. Nikeli ni nafuu, ila hufunikwa upesi na masizi ya kaboni.

Je, aliyewahi kuchanganya nikeli na chuma anaweza kunieleza uwiano alioutumia, na namna ya kuyaondoa masizi bila kukiharibu kichocheo? Haidrojeni yenyewe, nakiri, bado sijapata njia salama ya kuihifadhi.