Mtaa wenu nani kaupa jina?

Mzee wa Gerezani: Ndugu zangu, tangu Operesheni Anwani za Makazi ya 2022, kila kichochoro cha Dar kina nguzo na kibao. Ukipita Kariakoo vibao vinakusimulia: Kongo, Swahili, Nyamwezi, Pemba, Lindi. Unajua mji huu uliingiwa na nani. Nenda mitaa mipya sasa: Upendo, Umoja, Upendo tena. Hapo unajifunza nini? Mimi nasema majina hayo yafutwe, tuanze upya. Ila watu wa kuja wa Goba na Mbezi hawatanielewa, wamezoea "shusha penye mwembe".

Binti Goba: Mstari wako wa mwisho umenichoma. Wa kuja nani? Baba alinunua kiwanja Goba kukiwa mikorosho mitupu, barabara tukaichonga wenyewe kwa majembe. Tulikaa mkutano wa mtaa, tukachagua jina, kibao kikaja na jina la mwenye ghorofa. Leo tunaambiwa hatujui majina!

Mzee wa Gerezani: Mwanangu, wa kuja si tusi.

Boda Tandale: Ni tusi, mzee wangu. Sote tunajua linavyotamkwa.

Mpenda Ramani: Kwani Kariakoo yenyewe ni jina la nani? Ni Carrier Corps, wapagazi wa jeshi la Mwingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Nairobi nao wana Kariokor yao. Mtaa mzima una jina la watu waliochukuliwa makwao wakabebeshwa mizigo. Hao walikuwa wenyeji?

Mzee wa Gerezani: Usinifundishe Kariakoo, kijana. Mtaa wa Uhuru naujua ukiitwa Kichwele. Lumumba naijua ikiwa New Street, ndiko TANU ilikozaliwa 1954.

Boda Tandale: Na hayo yote yalibadilishwa, mbona hukusema yafutwe? Mimi niko barabarani kutwa, abiria hanitajii kibao. Ananiambia Kwa Mtogole, Kwa Aziz Ali, Sinza Kwa Remmy. Mwanamuziki Remmy Ongala alitoka Kongo, akaingia Dar 1978. Hakuitishiwa mkutano wala hakusimikiwa nguzo, kituo kikawa chake. Wa kuja huyo!

Mama Kimara: Wanangu, mnasahau jambo. Mume wangu alizidiwa saa nane usiku, dereva wa gari la wagonjwa ananiuliza "wapi hapo?" Nikamwambia nyuma ya duka la mkaa, kushoto, geti jeusi. Nilisimama njiani na tochi nusu saa nzima. Hata mtaa ungeitwa Upendo mara kumi, mimi nilihitaji namba ya nyumba.

Binti Goba: Pole sana mama. Mzee, bado hujanijibu. Mtu akae Dar miaka mingapi ndipo aache kuwa wa kuja?

Mpenda Ramani: Swali lilikuwa vibao jamani.

Binti Goba: Kwangu ndilo hilo hilo. Anayeitwa wa kuja ndiye asiyeulizwa jina la mtaa wake.

Mzee wa Gerezani: Ukiijua Kichwele bila kuelekezwa, wewe wa hapa.

Binti Goba: Bibi mzaa mama aliuza vitumbua Kichwele kabla ya Uhuru. Mama kazaliwa huko huko.

Mzee wa Gerezani: Kichwele kona ipi?

Binti Goba: Na Msimbazi. Asubuhi tu, jua likipanda anaondoka.

Mzee wa Gerezani: Alikuwa mrefu, anajifunga kilemba cheupe?