Meli ya utafiti wa bahari inaweza nini ambacho setilaiti na maboya hayawezi?

Mpenda_Ramani:
Ndugu wanajukwaa, habari zenu. Setilaiti hupima joto la uso wa bahari kila siku, na maboya ya mradi wa Argo, yanayokaribia 4,000, hupima maji hadi kina cha mita 2,000 kila baada ya siku 10 na yenyewe kutuma vipimo. Kwa nini basi mataifa bado yanajenga meli za utafiti, ambazo ni ghali mno kuziendesha?

Winchi_na_Kebo:
Ndugu, setilaiti huishia kwenye uso kwa sababu mwanga na mawimbi ya redio hufifia upesi majini, na boya la kawaida la Argo huishia mita 2,000, ilhali wastani wa kina cha bahari ni karibu mita 3,700. Yapo maboya machache yanayofika mita 6,000, lakini hata hayo hayaleti maji. Meli huyaleta.

Ikifika kituoni, yaani mahali palipopangwa kupimwa baharini, meli hujishikilia mahali pamoja bila nanga, kompyuta ikiziongoza rafadha zake zishindane na upepo na mkondo. Winchi huteremsha fremu ya chuma iliyozungushiwa chupa, mara nyingi 24, pamoja na vihisio vya joto, chumvi na kina. Mwendo wake ni kama mita 60 kwa dakika, hivyo kwenda mita 4,000 na kurudi huchukua karibu saa tatu. Chupa hushuka zikiwa wazi juu na chini. Wakati wa kupanda, mtafiti aliyeketi mbele ya skrini huzifunga moja moja, kila moja katika kina alichokichagua.

Fremu ikitua sitahani, maji huchotwa kwa utaratibu usiovunjwa: gesi kwanza, chumvi mwishoni. Anayechota maji ya kupimia oksijeni hupitisha mpira hadi chini kabisa ya chupa ya kioo, huacha maji yafurike, hukagua kama kuna kiputo, kisha hutia kemikali palepale, na chembe za rangi ya kahawia huanza kutuama. Hewa kidogo ikiingia, kipimo kimeharibika. Kwangu hiki ndicho kiini cha safari nzima, kwa kuwa vipimo vya namna hii ndivyo vinavyotumika kusahihisha vihisio vya maboya yenyewe.

Mwangwi:
Naomba niongeze upande wa ramani. Meli hutuma sauti kutoka chini ya mkuku kwa miale mingi iliyotanda kama upepeo, ikapima ukanda mpana wa sakafu kwa mara moja. Sauti husafiri majini kwa takriban mita 1,500 kwa sekunde, hivyo mwangwi wa mita 4,000 hurudi baada ya sekunde tano na ushei. Na kwa kuwa kasi hiyo hubadilika kufuatana na joto, chumvi na kina, ni lazima maji yenyewe yapimwe kwanza, la sivyo ramani itapinda. Na ili mwangwi usikike vizuri, meli hizi hujengwa ziwe kimya, na umbo lake huepusha viputo visipite chini ya vipokea sauti. Meli ya Uingereza HMS Challenger, iliyosafiri kuanzia 1872 hadi 1876, ilipima kina kwa kamba na uzito, na katika safari nzima haikufikisha vipimo 500. Hata leo, ni zaidi kidogo tu ya robo ya sakafu ya bahari iliyokwisha kupimwa kwa mwangwi.

Mpenda_Ramani:
Ahsanteni sana. Na tope la chini, nalo huletwa?

Winchi_na_Kebo:
Naam. Bomba refu lenye uzito kichwani huangushwa likapenya sakafuni, likarudi na tabaka za mashapo zikiwa katika mpangilio wake, za zamani zaidi chini. Zipo pia meli zinazobeba chombo cha kuzamia: Atlantis ya Marekani huteremsha Alvin, inayochukua watu watatu na ambayo tangu 2022 inaruhusiwa kufika mita 6,500. Kikwazo kikubwa ni hali ya bahari, kwa sababu mawimbi yakiinua tezi, yaani sehemu ya nyuma ya meli, ghafla, kebo hulegea kisha hukazwa kwa nguvu inayoweza kuikata. Nahodha akisema kazi isimame, husimama, hata kama fremu imebakiza mita chache tu kufika sakafuni.