KonoSuba, Haruhi au Hataraku Maou-sama: ipi nianze kusoma na mdogo wangu?

Msomaji_wa_Usiku
Wakuu, nimemaliza juzuu zote 17 za KonoSuba ya Natsume Akatsuki, tafsiri ya Kiingereza ya Yen Press, na sina riwaya nyepesi ya Kijapani (light novel, riwaya fupi za vijana) iliyonichekesha kuipita. Mhusika mkuu, Kazuma, anakufa kwa mshtuko akidhani lori linamgonga, kumbe lilikuwa trekta. Anaambiwa achague kitu kimoja cha kwenda nacho dunia mpya, na kwa hasira anamchagua Aqua, mungu wa kike aliyekuwa anamcheka. Baada ya hapo ni kulala kwenye zizi la farasi, vibarua vya kujenga ukuta, na madeni. Watu wanne ambao hakuna kikundi kingine kingewapokea wanaishia kuwa familia. Hilo ndilo ninalolipenda.

Lakini yapo yanayoniuma. Kazuma akijifunza ujuzi wa kuiba, anaujaribu kwa Chris, msichana mwizi aliyemfundisha, na kutoka na chupi yake, kisha anamdai pesa ndipo amrudishie. Mzaha huo unarudiwa. Na Megumin, mchawi wa kikundi chao, ana miaka 13 tu mwanzoni mwa hadithi. Utani wa mwili ukimfikia yeye, naruka kurasa.

Sasa mdogo wangu wa kike, kidato cha tano, anataka tusome pamoja. Tuanze na hii, Haruhi Suzumiya, au Hataraku Maou-sama?

Dada_Mwanaidi
Haruhi, kaka. Nagaru Tanigawa aliianza mwaka 2003 na msimulizi wake Kyon bado hana mpinzani: anasimulia maajabu ya wageni wa sayari na wasafiri wa wakati kwa uchovu wa mtu aliyelazimishwa kuhudhuria kikao. Ila umwandae mdogo wako kwa ajili ya Mikuru, msichana mpole ambaye Haruhi, mwanafunzi mwenzao, amemwingiza kwa nguvu kwenye klabu yake. Juzuu ya kwanza, Haruhi anaushika mkono wa rais wa klabu ya kompyuta, anauweka kifuani kwa Mikuru, anapiga picha, kisha anamtishia yule kijana mpaka atoe kompyuta. Mikuru analia. Huo ni unyanyasaji, na umeandikwa tucheke.

Kinachonifanya niendelee kuitetea ni juzuu ya pili. Wanatengeneza filamu, Mikuru ananyweshwa pombe bila kujua, na Haruhi anasema Mikuru ni mwanasesere wake. Kyon ananyanyua mkono kumpiga, mwanaklabu mwenzao Koizumi anaudaka. Pale kicheko kinakatika kabisa. Mwandishi alijua amefika wapi.

Kipanga254
Dada Mwanaidi, hapo kwa juzuu ya pili nakubali. Lakini Kyon huyohuyo, juzuu ya kwanza, anazificha picha za Mikuru kwenye folda yake ya siri. Anamhurumia na kumtazama kwa wakati mmoja, na hakuna anayemuuliza. Kwa Kazuma angalau kuna hukumu: wanawake wa kikundi wanamwita takataka hadharani, mji mzima unajua tabia yake, na Akatsuki hataki umwone mtu mwema. Mimi naweza kumcheka mhuni ambaye hadithi inamwita mhuni. Anayenishinda ni msimulizi mstaarabu anayechungulia.

Kwa msichana wa shule, nenda na Maou-sama. Maou, mfalme wa mashetani, anauza baga Tokyo, Emi, shujaa aliyemfukuza, anapokea simu za wateja, na jenerali wake Ashiya anahangaika na bajeti ya chakula. Ugumu wa kodi na mshahara mdogo tunaujua vizuri. Utani wa kifua cha Chiho, msichana anayefanya kazi na Maou, upo, lakini ni kidogo ukilinganisha na hizo mbili.

Msafiri_Pemba
Naomba nipingane kidogo. Maou-sama ina kero yake, na kwangu ni nzito kuliko chupi. Jeshi la Maou liliharibu kijiji cha Emi. Yeye ana haki zote za kumchukia, lakini mara nyingi kichekesho kinamfanya aonekane msichana wa kelele kwa sababu Maou ni mfanyakazi mzuri na jirani mwema. Nilisoma nikiwa upande wa Emi tangu mwanzo. Ni hadithi nzuri, isome, lakini msiache kuliongelea hilo.

Na kuhusu KonoSuba, kuna juzuu ya 4, mji wa chemchemi za maji moto wa Alcanretia, ambako waumini wa Aqua wanakukaba barabarani na fomu za kujiunga. Kwetu dini haichezewi, na najua wenzangu walioiacha pale. Mimi niliicheka kwa moyo wote, kwani kinachosutwa ni kumlazimisha mtu imani.

Dada_Mwanaidi
Msafiri, la Emi umenigusa. Sikuwahi kulipima hivyo.

Kipanga254
Kama ni lazima aionje KonoSuba, kuna hadithi ya pembeni ya Megumin kabla hajakutana na Kazuma, juzuu tatu. Megumin na mwanafunzi mwenzake Yunyun, ushindani wao na njaa ya nyumbani kwao. Kazuma karibu hayupo kabisa.

Msomaji_wa_Usiku
Asanteni sana. Tunaanza na Maou-sama, na nitamwuliza mdogo wangu yuko upande wa nani kati ya Emi na Maou kabla sijamwambia wangu. Kisha ile ya Megumin. KonoSuba yenyewe nitampa akiitaka, nikiwa nimemweleza la Chris na la umri wa Megumin mapema. Haruhi nitaisoma peke yangu kwanza, juzuu mbili za mwanzo.