Naomba ushauri: dogo kakolea na muvi ya vita ya Kirusi, nifanyeje?

KakaMkubwa: Wakuu habari zenu. Nina mdogo wangu ana miaka 23, nakaa naye. Kuna muvi inaitwa 9 Rota, ya Kirusi, ya 2005, anairudia kila wiki. Vijana wanachukuliwa Krasnoyarsk, wananyolewa vipara, wanapigishwa kwata huko bonde la Fergana halafu wanapelekwa vitani Afghanistan na wote wanafia mlimani. Dogo naye kanyoa kipara, na asubuhi ananisalimia Kirusi. Nauliza, kuna muvi nyingine ya vita ya Warusi inayotisha zaidi nimuoneshe akili imrudi? Nawasilisha.

Mchungulia_Dirisha: Mpe Idi i smotri, ya 1985. Katoto ka Belarus kanaenda msituni kupigana na Wajerumani 1943, muvi inaisha kana sura ya kizee. Mwisho wanaandika vijiji 628 vilichomwa moto pamoja na watu wake. Mimi sikulala.

Shangazi wa Mbezi: Muoze huyo, vita atavikuta chumbani 😂

Nyamwezi_halisi: Marehemu mjomba wangu alisoma Moscow miaka ya 80, alikuwa anatusimulia kuna mwenzao wa hosteli alipelekwa Afghanistan akarudi haongei, anakaa tu koridoni anavuta sigara mpaka kunakucha, na mama yake alikuwa anakuja na chakula anamuwekea pembeni anaondoka, yaani mjomba akifika hapo na yeye alikuwa ananyamaza.

Da Zai: Poleni. Ila mleta mada, mtu mzima kurudia muvi ndio uanzishe uzi? Kuna kitu hujasema.

KakaMkubwa: Sawa dada. Kapata kazi Urusi kupitia mtu wa mtandaoni. Kaambiwa ulinzi wa maghala, mkataba ni wa Kirusi na keshausaini, anaondoka Alhamisi. Nauli nimempa mimi. Msinirukie jamani, miaka miwili yuko nyumbani na cheti chake, mzee anaumwa, dawa nanunua peke yangu. Na mlinzi sio mwanajeshi.

Da Zai: Kasaini asichoweza kusoma, na wewe ukalipa nauli! Mmeshamsahau yule kijana wetu aliyekuwa anasoma Moscow? Alifungwa, akaambiwa akienda kupigana Ukraine na Wagner, wale askari wa kukodiwa wa Urusi, atasamehewa kifungo, akafa Oktoba 2022. Mwili ulifika nyumbani Januari 2023. Na yule alijua Kirusi.

Babu Chuma: Vijana hawataki kulima. Ardhi ipo.

Kamanda_Mstaafu: Chai hii. Mleta mada muvi yenyewe hajaiona. Eti wote wanafia mlimani, yule askari Lyuty si anabaki? Na hiyo ni ya kwenye muvi. Tukio lenyewe ni kilima 3234, Januari 1988, walikuwa 39 wakafa 6. Dogo hayupo, mkataba haupo, anatafuta laiki.

Nyamwezi_halisi: 6 wamekufa na 28 majeruhi, mkuu, hapo mzima nani?

Shangazi wa Mbezi: Hata mimi nilihisi chai. Alhamisi iko hapo, mtu bado anaulizia muvi?

KakaMkubwa: Sio chai. Mwisho wake kweli sijawahi kuuona. Wakianza kushambuliwa kule juu natoka, nakaa uani, nasikia milio tu. Nikirudi dogo keshazima na haongei, nikajua wamekufa wote. Naulizia muvi kwa sababu kumwambia usiende siwezi, nauli nilimpa kwa mkono wangu.

Kamanda_Mstaafu: Basi nisamehe mkuu. Kaeni muangalie wote mpaka mwisho. Redio yao imeharibika, jeshi zima linaondoka Afghanistan na kule mlimani hakuna aliyewapa taarifa. Helikopta inatua kanali anamkuta Lyuty peke yake. Hapo pa kusahauliwa ni utunzi, wale wa kweli walikuwa na mawasiliano na mizinga iliwasaidia. Sasa muulize dogo, yeye akikwama huko atampigia nani? Jina la huyo aliyempa kazi unalijua?

KakaMkubwa: Silijui.

Da Zai: Pasipoti anayo nani?

KakaMkubwa: Iko kabatini kwangu, alinipa nimtunzie. Kaenda dukani mara moja. Geti hilo linafunguliwa, ngoja.