Mrejesho: muamala mmoja, miunganisho miwili

Wakuu, niliuliza kama programu ya stoo ya dagaa hapa Kibirizi, Kigoma, inaweza kufungua muamala (mabadiliko ya data yanayothibitishwa au kufutwa yote kwa pamoja) kwenye muunganisho mmoja wa PostgreSQL, programu ya kutunza data, kisha muunganisho wa pili uuendeleze. Haiwezekani. Muamala ni mali ya muunganisho uliouanzisha. Nikajaribu pg_export_snapshot, amri ya kuupa muunganisho mwingine picha ya data ilivyo wakati huo, iliyopo tangu toleo la 9.2: wa pili unapata picha ileile ya data, lakini magunia niliyoingiza bila kuthibitisha hauyaoni hata moja. Kwa kutoa ripoti tu, inafaa. Tena muamala wa kwanza ukishafungwa, picha hiyo haichukuliki (hapo nilikesha, na umeme nao ukakatika). Sasa muunganisho uleule ndio unaopunguza idadi ya magunia stoo na kuandika deni. Shukrani kwa aliyeniambia niache ubishi.